Barua ya wazi kwa wakuu wa Konami: kipimo tunachowapimia ni chenu

Kwa wakuu wa Konami Digital Entertainment, Tokyo, na wote wanaoitengeneza eFootball, gemu ya mpira iliyokuwa ikiitwa PES

Waheshimiwa,

Castolo hajawahi kuwepo duniani. Mlimtunga nyinyi, pamoja na Minanda, Ximelez na kipa Ivarov, mkawaweka kwenye kikosi cha kuanzia cha Master League ili mchezaji apokee timu dhaifu na kuijenga mwenyewe. Wapo watu wazima Dar es Salaam, Mombasa na Bujumbura, wengine sasa wana watoto, ambao wanawakumbuka hao kuliko wachezaji wa kweli wa miaka ile. Mimi ni mmoja wao. Nawaandikia nikiwa mpenzi wa kazi yenu tangu ilipoitwa Winning Eleven, na ninataka kuwaeleza kwa nini sisi tunaoipenda gemu hii sana ndio tunaoisema sana.

Najua malalamiko yakizidi huchosha. Mtu ambaye kazi yake ni kupitia maoni ya wachezaji kila asubuhi anaweza kufika mahali akaamini kwamba watu hawa hawaridhiki na chochote, na kwamba bora kuwasikiliza wale wanaopakua, wanacheza wiki mbili, wanaondoka bila neno. Nawaomba msifike huko. Aliyeondoka bila neno hakuwaachia chochote cha kufanyia kazi. Hamjui alikosa nini. Sisi tuliobaki tunajua tulichokosa, maana kilikuwepo: tulikizoea vidoleni miaka na miaka, kisha toleo jipya likaja bila hicho. Tunapowakosoa hatuwapimi kwa gemu ya ndotoni ambayo hakuna kampuni inayoweza kuitengeneza. Tunawapima kwa kazi yenu wenyewe.

Tazameni kwanza tulivyowavumilia. Kwa miaka mingi mpinzani wenu, EA Sports, alikuwa na jina la FIFA, ligi, nembo na jezi. Nyinyi mlikuwa na Man Red mahali pa Manchester United na Merseyside Red mahali pa Liverpool, na kuna wakati beki wa kushoto wa Brazil aliingia uwanjani akiitwa Roberto Larcos. Hatukuwasumbua. Watu walikesha wakibadilisha majina moja baada ya jingine, wakichora nembo nukta kwa nukta, wakipaka jezi rangi, kisha wakampa jirani faili ile kwenye flashi ili naye asihangaike. Kazi hiyo ilikuwa yenu, tukaifanya sisi bila malipo na kwa furaha, kwa sababu mpira wenyewe ulikuwa mpira. Ulikuwa na uzito. Ukipiga pasi umegeuka vibaya, inakwenda kombo. Ukimtuma beki mzito amfukuze winga, unaachwa. Katika PES 6, Adriano, yule mshambuliaji wa Brazil, akipokea mpira kwenye mguu wa kushoto nje kidogo ya boksi, benchi zima la kibanda cha kuchezea gemu lilikuwa limeshasimama kabla hajapiga.

Mtu aliyekubali majina ya uongo kwa miaka yote hiyo halalamikii vitu vidogo. Akisema kuna tatizo, mara nyingi tatizo liko kwenye mpira.

Na mkisikia, mnaweza. PES 2016 ilitoka Septemba 2015 na makipa waliokuwa wakifungwa mashuti mepesi ya upande wao wa karibu, na vikosi ambavyo havikufuata usajili wa msimu huo mpaka karibu mwisho wa Oktoba. Tuliwasema sana mwaka ule. Mwaka uliofuata ikaja PES 2017, na miongoni mwa mambo yaliyosifiwa zaidi ndani yake ni makipa: walidaka, walipangua, walijirusha kwa wakati. Sijui mazungumzo gani yalifanyika ofisini kwenu kati ya matoleo hayo mawili. Ninachojua ni kwamba kilichoudhi watu mwaka mmoja kilikuwa kimetengenezwa mwaka wa pili, na waliokuwa wakilalamika ndio waliokuwa wa kwanza kusifu. Halafu mkaleta ligi ya Ubelgiji katika PES 2019, tukamkuta Mbwana Samatta ndani ya Genk, nahodha wa Taifa Stars, msimu uleule ambao Genk walichukua ubingwa. Hamwezi kujua jambo dogo kama lile lilikuwa na maana gani huku. Vijana ambao hawakuwahi kuitazama Genk hata dakika moja waliichagua Genk mbele ya Barcelona.

Kisha ikaja tarehe 30 Septemba 2021.

Miezi miwili kabla yake mlikuwa mmetangaza kwamba jina PES linastaafu, kwamba kutakuwa na injini mpya, yaani programu inayouendesha mchezo, na kwamba gemu itakuwa ya bure. Tulilipokea tangazo lile kwa matumaini makubwa. Gemu ya bure kwa bara ambalo kijana anadunduliza miezi kununua diski moja ni habari njema, na sitaki ionekane kwamba tuliipinga. Lakini siku ilipofika tulipewa timu tisa. Master League haikuwepo. Sehemu ya kuhariri majina na jezi haikuwepo. Pasi zilikwenda taratibu kana kwamba nyasi hazijakatwa, mabeki hawakuweza kuamriwa kama zamani, na sura za wachezaji wakubwa, Messi na Ronaldo wakiwemo, zilitoka zimepinda kiasi kwamba picha zake zilizunguka dunia nzima kabla jua halijazama. Kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, ikashuka hadi kundi la gemu zilizopewa alama mbaya kuliko zote.

Kesho yake, tarehe 1 Oktoba, mlitoa taarifa ya kuomba radhi. Naomba muisome tena, kwa sababu hoja yangu iko mle ndani. Mlitaja kasi ya pasi. Mlitaja namna ya kukaba. Mlitaja sura, mienendo ya wachezaji na tabia ya mpira. Ni nani aliyewapa orodha hiyo ndani ya siku moja? Kampuni ingelipa wataalamu na kusubiri wiki kadhaa kupata ripoti ya namna ile. Mliipata bure kutoka kwa watu waliokaa na padi usiku ule wakacheza mechi baada ya mechi, wakagundua kwamba pasi inachelewa kidogo kuliko zamani na kwamba mwenzako hasogei ukimwita, wakaandika wakiwa na hasira, ndiyo, lakini wakaandika mambo yanayopimika. Asiyeipenda PES asingejua kwamba pasi imechelewa. Angeona tu gemu ya mpira, angeifunga na kufungua nyingine.

Toleo 1.0 lilisogezwa mbele likatoka tarehe 14 Aprili 2022, zaidi ya miezi sita baadaye. Ndani yake mlituletea, miongoni mwa amri mpya za ulinzi, amri ya kumwita mwenzako aje kukaba pamoja nawe. Tulifurahi kuiona. Lakini jamani, amri ile sisi tulikuwa nayo. Kwenye padi ya PlayStation ilikuwa kitufe cha mraba: unakaba na mmoja, unashika mraba, wa pili anakuja. Mtoto wa darasa la tatu aliyekaa kibandani akisubiri zamu yake aliijua kabla hajajua kupiga krosi. Gemu ilizinduliwa bila amri hiyo, na ninaamini aliyeiacha hakuwa na nia mbaya. Pengine ndani ya injini mpya kulikuwa na mambo elfu ya kushughulikia. Watengenezaji huondoka wakaja wengine, injini hubadilika, wasimamizi hubadilika, jina la gemu lenyewe limebadilika. Wachezaji ndio waliobaki walewale. Kumbukumbu ya namna PES ilivyochezwa, kitufe kwa kitufe, iko mikononi mwao kuliko ilivyo katika kabati lolote la ofisi, na njia pekee waliyo nayo ya kuwafikishia kumbukumbu hiyo ni kulalamika.

Sasa nizungumzie vibanda, maana ndiko gemu hii ilikokulia huku kwetu.

Kibanda ni chumba chenye televisheni moja au nne, padi zilizofungwa kwa gundi, benchi la mbao, na mwenye kibanda anayeangalia uniti za luku, umeme wa kulipia kabla, kwa jicho moja na mechi kwa jicho la pili. Unalipa kwa mechi. Anayefungwa anapisha. Hakuna intaneti pale na haijawahi kuhitajika, kwa sababu mpinzani wako amekaa sentimita thelathini kutoka ulipo na anakucheka. Ukipita leo katika vibanda vingi utakuta bado inawashwa PES 2013, au PES 2017, au PES 2021 iliyowekewa vikosi vipya na watu wa kujitolea. Mkitazama takwimu zenu mtadhani watu hawa wameacha kucheza. Hawajaacha. Gemu ndiyo iliyohamia mahali ambapo wao hawawezi kuifuata: inataka mtandao karibu wakati wote, inataka gigabaiti za masasisho mara kwa mara, na kijana anayenunua bando la siku hawezi kuchagua kati ya masasisho hayo na mawasiliano yake ya kazi.

Master League nayo ilikuwa na maana kubwa kuliko pengine mnavyoikadiria. Ilianza tangu enzi za PlayStation ya kwanza. Ilimpa mtu asiye na mpinzani sababu ya kucheza peke yake usiku: unaanza na wachezaji wasio na jina, unabana fedha, unamuuza mmoja uliyempenda ili umlipe mwingine, unapanda daraja. Watu walijifunza mle kwamba mshahara wa timu usipolipwa, mambo yanaharibika. Mwaka 2021 mlisema itakuja baadaye. Mwaka 2024 ulipita bado tunaiulizia. Kuiulizia kwetu ndiko kunakoonekana kama usumbufu, na ninawasihi mkuone kwa namna nyingine: kampuni yoyote ingetamani kuwa na wateja wanaodai kitu kilekile kwa miaka mitatu bila kuchoka, huku wakisema wako tayari kukilipia.

Sitakuwa mwadilifu nisipowashukuru kwa upande wa simu. eFootball kwenye simu imewafikia watu ambao PlayStation isingewafikia kamwe, na FIFAe World Cup iliyofanyika Riyadh Desemba 2024 ilipowapa wachezaji wa simu shindano lao kando ya wale wa PlayStation, vijana wengi wa huku walijiona kwa mara ya kwanza kuwa wachezaji kamili. Hilo ni jema na nalisema kwa moyo wote. Ila huko huko kwenye simu ndiko biashara ya kununua sarafu ili kujaribu bahati ya kumpata mchezaji fulani ilikokomaa, na hapo nina hofu. Mwaka 2018 tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji iliamua kwamba masanduku ya bahati yanayolipiwa katika gemu kadhaa, FIFA 18 ikiwemo, ni kamari chini ya sheria za nchi hiyo. Mapato ya sarafu yatapanda, chati zitapendeza, na hakuna chati itakayowaambia kwamba mchezo wenyewe umelegea. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mauzo ni sifa tupu. Mnahitaji mtu wa kuonja na kusema ukweli.

Nina mfano mmoja kutoka nje ya mpira, nao unatuhusu. Mei 2024 Sony ilitangaza kwamba wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta, gemu iliyotengenezwa na Arrowhead ya Sweden, lazima wawe na akaunti ya PlayStation Network. Akaunti hiyo haifunguliwi rasmi katika nchi nyingi. Barani Afrika kusini mwa Sahara, Afrika Kusini ndiyo iliyomo. Tanzania, Kenya na Uganda hazimo. Gemu ikaondolewa sokoni katika nchi 177. Miongoni mwa waliopiga kelele kubwa walikuwemo wachezaji wa Marekani na Ulaya ambao wao wenyewe hawakupungukiwa na kitu, maana akaunti wangeifungua kwa dakika tano. Walikataa wenzao waliopigana nao bega kwa bega kila usiku wafungiwe mlango. Waliishushia alama gemu ambayo wiki moja kabla walikuwa wakiisifu kila mahali. Baada ya siku tatu, tarehe 6 Mei, Sony ikaachana na sharti lile, na wachezaji wakaanza kurudisha alama walizoshusha. Hakuna aliyewalipa kufanya hivyo. Walikuwa wanailinda gemu yao.

Lazima pia niseme kuhusu matusi. Wako watu wanaomtukana mchoraji wa sura, wanaotishia familia ya mtangazaji wa kampuni, wanaoandika maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Hao hawana utetezi wangu. Aliyechora sura ile ni mfanyakazi aliyepewa muda mfupi, na hastahili kuogopa kufungua simu yake. Wafungieni. Lakini msiwatumie hao kuwa sababu ya kutotusikiliza sisi wengine, kwa sababu anayesema "kipa anachelewa kutoka kwenye mpira wa kona" na anayetukana hawafanani hata kama wote wawili wamekasirika.

Ninachoomba kwenu ni mambo matatu.

La kwanza, turudishieni Master League inayochezeka bila mtandao, hata kwa malipo. Weka bei, tutadunduliza.

La pili, kabla ya kutoa toleo kubwa, andikeni wazi kilichoondolewa, kama mnavyoandika kilichoongezwa. Mchezaji akijua mapema kwamba kitu fulani hakipo, atawaambia mapema kama kinauma, na mtakuwa na muda wa kukirudisha kabla ya siku ya uzinduzi. Hasira ya Septemba 2021 ilikuwa kubwa kwa sababu kila mtu alikigundua kilichokosekana akiwa peke yake, padi mkononi.

La tatu ndilo ninalolitaka kuliko yote. Tufungulieni sehemu ya kuhariri, kikamilifu, kwenye PlayStation, kompyuta na simu. Ligi zetu haziko kwenye gemu yenu, na sitegemei kwamba kesho mtapanda ndege kuja kusaini leseni ya Simba, Yanga, Gor Mahia au AFC Leopards. Hatuhitaji msubiri. Vijana huku wanazichora jezi za Simba na Yanga kwa ajili ya Dream League Soccer, gemu nyingine ya mpira ya simu, na wengine wanazifumua gemu zenu za zamani za PSP, ile PlayStation ya mkononi, wanaziweka kwenye simu kwa PPSSPP, programu inayoigiza PSP, na kuzijaza timu za nyumbani, nembo, vikosi, mpaka rangi za soksi. Wanafanya kazi hiyo kwenye gemu ambazo nyinyi mmeshazisahau, kwa sababu mpya imefungwa. Wapeni mlango tu. Ndani ya wiki moja Kariakoo Derby itakuwa inachezwa kwenye eFootball, na ndani ya wiki hiyo hiyo mtaanza kupokea malalamiko kwamba kipa wa Yanga anatoka golini mapema mno. Msiyaruke. Yasomeni moja moja, maana yatakuwa yameandikwa na watu walioicheza mechi hiyo mpaka uniti za luku zikaisha.

Kwa heshima,

Shabiki wenu,
Dar es Salaam